Bia Nyeusi ya Fundi Pua

"Baba, maharage yameungua!"

Kasuku alisema hivyo mdomo umejaa. Mama yake akamfinya paja chini ya meza, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Baba yake alikuwa amekula zaidi ya nusu ya sahani. Tena alikuwa ameshasema, kama alivyozoea kusema kila jioni siku hizi, "Tamu, mama watoto, tamu sana." Sasa akaitazama sahani vizuri, akaona vipande vyeusi vilivyogandana katikati ya maharage, akajua amenaswa.

"Yameungua kidogo tu," alisema. "Mimi nayapenda hivi."

"Tangu lini?" mkewe akauliza.

Baba akachota kijiko kingine, akatafuna mbele ya macho yao wote wawili, akameza.

Mtoto yule walimwita Kasuku kwa sababu alilolisikia ndani alilirudia nje, kwa jirani, dukani na shuleni. Alikuwa na miaka saba na hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa tu hana mahali pa kuweka maneno.

Mama Kasuku akasimama, akakusanya sahani, hata ya mumewe ambayo ilikuwa haijaisha. Alipompitia aliinama kuliko ilivyohitajika, shingo yake ikawa karibu kabisa na uso wa mume, akabaki hapo kidogo kama mtu anayetafuta kijiko kilichopotea.

"Huoni kitu?" akamuuliza.

Mumewe, fundi wa kupika bia, akatazama. Gauni lilikuwa lile lile la nyumbani. Hereni zile zile.

"Umesuka?"

"Sijasuka."

Akaenda jikoni. Bomba likafunguliwa, likamwaga maji muda mrefu bila mlio wa sahani hata moja. Fundi akabaki mezani na binti yake. Kwenye rafu ya kioo kulikuwa na kichupa kidogo chenye kifuniko cha njano ambacho hakuwahi kukiona. Alikiona sasa, na hakuuliza.

"Baba," Kasuku akanong'ona, "mama ameunguza makusudi. Nilimwona. Alizima redio, akakaa tu anaiangalia sufuria."

*

Ukweli ni kwamba fundi hakuwa na pua. Hiyo aliyobaki nayo usoni ilikuwa ya kupumulia. Homa ya mafua ilimlaza mwanzoni mwa mwaka, ikamtikisa, ikaondoka, na ilipoondoka iliondoka na harufu zote za dunia, kama mpangaji anayehama na balbu za mwenye nyumba.

Alingoja zirudi. Alijifukiza kwa maji ya moto, shuka kichwani. Alivuta unga wa pilipili mpaka machozi yakamwagika. Alikata kitunguu wakati mkewe hayupo, akakiweka chini ya pua na kusimama nacho pale jikoni kama mtu anayeongea na simu iliyokatika. Ulimi ulimwachia chumvi, sukari, uchungu na uchachu. Vingine vyote vilikwenda. Mkate ukawa kitu laini na nyama ikawa kitu kigumu.

Hakujua kama ananuka, basi akawa anaoga asubuhi, anaoga akirudi, anaoga tena kabla ya kulala. Hakujua kama gesi inavuja, basi akawa anaamka kwenda kukagua jiko, anarudi, anaamka tena. Mvua ilinyesha, watu wakatoka vibarazani wakasema ah, ardhi inanukia, na yeye akasema ah pamoja nao. Akimbeba Kasuku aliyelala, kichwa cha mtoto kiko chini ya kidevu chake, alikuwa amebeba uzito tu. Kitandani alilala kando ya joto. Lilikuwa joto la mke wake, alilijua, lakini lingeweza kuwa la mtu yeyote.

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Mtu aliyevunjika mguu watu humwona. Huyu alikuwa mzima kila mahali, na alipewa mshahara kwa ajili ya pua.

Kiwandani walimwita hivyo hivyo, Pua. Jina alilipewa na Madamu, mwenye kiwanda, enzi zile walipoanza kupika bia kwenye banda la nyuma ya gereji, wakiwa na mapipa ya kuhesabika na matumaini mengi. Siku moja fundi alisimama mlangoni, hajavua hata kofia, akasema pipa la mwisho lina kasoro. Wakalifungua, wakakuta hamira imekufa. "Huyu si mtu," Madamu akasema, "huyu ni pua imevaa suruali." Jina likaganda.

Utaratibu wa kuonja aliuweka yeye mwenyewe. Watu huizunguka meza na kila mmoja huwapa wenzake mgongo, asiuone uso wa mtu mwingine ukikunjamana. Hakuna kusema mpaka glasi zote zimerudi mezani. Halafu wa chini kabisa huanza, na fundi humaliza. "Nikianza mimi," aliwahi kuwaeleza, "nyote mtasema nilichosema. Nitakuwa najionjesha mwenyewe mara nne." Wa chini alikuwa dada muosha chupa, waliyemwita Povu. Baada yake dereva, ambaye jina lake lilikuwa Breki kwa sababu gari lake lilikuwa nazo siku moja moja. Kisha Madamu. Kisha Pua.

Utaratibu ule uliompa heshima ndio sasa uliomficha. Povu alisema, "Mimi naona ndizi." Breki alisema kuna sukari iliyoungua. Madamu alisema karafuu imezidi kidogo. Pua akafumba macho, akaizungusha glasi, akapeleka puani kwa mwendo wake ule wa taratibu waliouzoea, asisikie chochote, akasema: "Ndizi iliyoiva mpaka ganda likatoka madoa. Sukari imeungua lakini haijakasirika. Na hii karafuu mwacheni, bado ana haraka, akilazwa atatulia." Wakapiga makofi. Naye akainamisha kichwa kwa haya, na wao wakadhani ni unyenyekevu.

Kazi ya pili ya pua yake ilikuwa maji. Kila asubuhi ya kupika alifungua bomba, akakinga kikombe, akanusa kabla moto haujawashwa, maana siku nyingine maji ya bomba huja na dawa nyingi ya kuulia vijidudu, na siku hizo hawapiki. Asubuhi waliyopika bia nyeusi nyingi kuliko siku zote, ile ya kujaza stoo nzima, alikinga kikombe kama kawaida, akanusa kama kawaida. Povu alikuwa karibu naye na ndoo ya chupa.

"Fundi, maji ya leo hayana dawa kweli?"

"Hayana kitu."

"Mimi kama nasikia..."

"Dada yangu," fundi akasema, na alisema kwa upole, hilo ndilo lilikuja kumuuma baadaye, "nani hapa anaitwa Pua?"

Povu akacheka, akainua ndoo yake. Moto ukawashwa.

*

Bia nyeusi ya mtindo wa Kibelgiji si bia ya haraka. Ikishaiva hutiwa kwenye chupa pamoja na hamira na sukari kidogo, hufungwa, hulazwa gizani, na huko ndani ya chupa huendelea kufanya kazi peke yake. Fundi aliipenda kwa sababu hiyo. Zamani, akifungua ya kwanza, alikuwa anasikia karafuu na zabibu kavu na kitu fulani cha mkate mweusi unaotoka jikoni, na kifua kikapata moto. Alipoilaza hii, kabla yeyote hajaionja, alipita kati ya kreti akizigusa, akiomba kimoyomoyo kwamba itakapoamka na yeye awe ameamka.

Hakuamka. Madamu alikuja stoo akiwa na ufunguo kidoleni, anauzungusha, dalili kwamba ana furaha na ana hofu.

"Pua, wageni wanakuja kesho. Yule mama wa hoteli na mwenzake. Wakiipenda wanaichukua hoteli zao zote."

"Sawa, Madamu."

"Nimewaambia nina mtu. Kwa hiyo kesho tunageuza. Wewe ndiye utaanza kusema."

"Mimi?" Alicheka kidogo. "Utaratibu wetu si..."

"Utaratibu wetu ni wa kwetu. Watu watoke kwao na gari, wafike hapa, wamsikilize Povu?"

"Hata mimi nisingetoka kwangu kuja kunisikiliza," Povu akasema akiwa kwenye sinki.

"Mimi ningekuja," Breki akasema. "Ila ningechelewa, gari halisimami."

Wakacheka wote, na Pua akacheka sana kuliko wote. Madamu alipoacha kucheka alitazama juu, kwenye bati lenye matobo. "Hii ikikubalika tunahama hapa. Isipokubalika, basi, tumezeeka na gereji."

"Naomba moja niende nayo nyumbani," fundi akasema. "Nikae nayo."

"Chukua. Ongea nayo vizuri."

*

Mkewe alikuwa mshonaji, na cherehani yake ilikuwa dirishani ambako jua la jioni linakaa muda mrefu. Fundi alimtuma Kasuku kwa jirani kurudisha pasi, akamwambia asikimbie, akae huko acheze. Mtoto alimtazama kwa mashaka, maana siku zote huambiwa awahi kurudi.

"Mama watoto. Nina neno."

Mguu wa mkewe uliendelea kukanyaga cherehani. "Nalingoja hilo neno siku nyingi. Sema tu. Ni wa wapi?"

"Nani?"

"Huyo unayemwogea mara tatu."

Akakaa kwenye kiti cha wateja, kile kilichojaa vitambaa, akavikalia bila kuvitoa. "Sisikii harufu," akasema. "Ya kitu chochote. Tangu ile homa."

Cherehani ikanyamaza.

"Maharage?"

"Sikujua. Ningeyala hata yangekuwa mkaa."

"Na kuoga?"

"Naogopa nanuka na sijui."

Mkewe akachukua kitambaa alichokuwa akishona, akajifunika nacho mdomo, mabega yakaanza kutikisika. Fundi alidhani analia. Alikuwa anacheka. "Jamani, nimemchukia mwanamke wa watu bure," akasema ndani ya kitambaa. "Nimeshampa mpaka sura. Mfupi, ana mwanya. Juzi sokoni nilimwona wa kufanana naye nikamkata jicho, maskini, akanisogezea mfuko akidhani namwambia anipishe nafasi." Akacheka tena, na fundi akacheka, na kwa muda mfupi chumba kile kikawa na watu wawili ndani yake.

Kisha mkewe akashusha kitambaa. Macho yalikuwa mekundu, hayachekeshi tena. "Kwa nini hukuniambia?"

"Kasuku angesikia. Ingefika kiwandani."

"Kasuku ana miaka saba. Mimi ni mkeo. Umeniacha nikakaa humu ndani na mtu asiyeonekana."

"Nilidhani itarudi. Nilitaka irudi kwanza."

Akafungua mfuko wake, akatoa chupa nyeusi, akaiweka juu ya meza ya cherehani, kati ya mkasi na mita. Mkewe akaitazama chupa. Kisha akamtazama yeye, muda mrefu.

"Ahaa."

"Ahaa nini?"

"Kumbe kuna kazi."

"Kesho kuna wageni. Natakiwa nianze kusema. Nilitaka tu uionje, uniambie, basi. Sina mwingine."

"Wageni wasingekuja kesho, ungeniambia lini?"

Nje watoto walikuwa wanagombania mpira.

"Lete glasi," mkewe akasema.

Hakuwahi kunywa bia maishani mwake. Si kwa kukatazwa tu na mama yake. Hata mwenyewe hakuwahi kuona sababu. Fundi alimimina kama anavyomiminia wageni, glasi imelala, kisha inasimama polepole, na bia ikapanda nyeusi yenye wekundu ukiishika kwenye mwanga, na povu juu yake la rangi ya chai ya maziwa. Ilikuwa nzuri kuitazama. Mkewe aliileta puani, akairudisha nyuma haraka.

"Bandeji."

"Nini?"

"Inanuka bandeji. Ile mpya, ukifungua pakiti. Kama wodi niliyojifungulia huyu mtoto."

Fundi alisogea mbele, uso umechangamka. "Daktari wa meno! Si ndiyo? Harufu ya kwa daktari wa meno."

"Si meno. Bandeji."

"Daktari wa meno anatumia mafuta ya karafuu, mama watoto. Hiyo ni karafuu. Ndiyo bia yenyewe hiyo! Na ndizi?"

Akanusa tena, kwa uangalifu, kama anayepima kitambaa cha mteja. "Labda ipo. Mbali huko. Nyuma ya bandeji."

"Sukari iliyoungua?"

Akaonja, akakunja uso, akameza kwa kazi. "Ipo. Hiyo ipo."

"Umeona sasa! Ndizi, sukari, karafuu." Alikuwa amesimama, anatembea kutoka dirishani hadi mlangoni, hatua mbili tatu anageuka. Aliisikia kabisa, bia yake ya zamani, ilikuwa ndani ya kichwa chake nzima haijapungua.

"Nimekwambia bandeji."

"Hujawahi kunywa bia, mke wangu."

"Ndiyo maana ukaniletea mimi?"

"Namaanisha hujazoea. Mtu asiyeijua karafuu kwenye bia..."

"Karafuu naijua. Nipo nayo jikoni kila siku." Akanyanyuka na glasi, akaenda nayo kwenye sinki, akamwaga. Akaisuuza glasi mara mbili. "Haya. Wewe ndiye fundi."

Kasuku alirudi, akasimama mlangoni, akavuta hewa. "Humu ndani kunanuka hospitali," akasema.

Baba yake akamwambia aende kunawa miguu.

*

Wageni walikuwa wawili, mama wa hoteli mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, na mwenzake, kijana mkimya wa suti. Madamu alikuwa ametandika kitambaa cheupe. Breki alikuwa amechomekea shati, jambo ambalo halikuwahi kuonekana. Povu alipanga glasi, akaanza kuwapa wenzake mgongo kama walivyozoea, Madamu akamgeuza taratibu kwa bega: leo tunatazamana.

Chupa zikafunguliwa. Pua akachukua glasi yake, akaizungusha, akafumba macho. Akanywa. Ulimi ulimpa utamu, kisha uchungu kidogo, kisha joto la kifuani. Vingine akavitoa kichwani.

"Ndizi kwanza," akasema. "Ndizi ya kuiva haswa, imekaa kwenye kapu lililofunikwa. Nyuma yake kuna sukari tuliyoipika wenyewe mpaka ikawa nyeusi. Halafu karafuu. Leo karafuu amekuja na nguvu. Nimekaa na bia hii jana nyumbani. Nawaambieni, hatujawahi kupika kama hii."

Mama wa hoteli akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Madamu alikuwa anawatazama wageni, glasi yake hata hajaigusa. "Povu?"

Povu alikuwa ameshika glasi kwa mikono miwili. Alimtazama fundi, akaitazama bia, akamtazama tena fundi.

"Kama alivyosema fundi," akasema.

"Breki?"

"Hivyo hivyo."

Mama wa hoteli akainua yake. Akanusa. Akavaa miwani, kana kwamba miwani ingesaidia, akanusa tena. "Samahani," akasema, "labda ni mimi. Nimetoka kumuuguza mama yangu, inawezekana pua yangu imebaki hukohuko. Lakini mimi naona kama wodi."

Mwenzake akanusa yake. "Bandeji," akasema.

Fundi aliisikia ile sauti ya mkewe ndani ya neno lile. Madamu alinyakua glasi, akaipeleka puani, na uso wake ukafanya kile ambacho utaratibu wa kupeana migongo uliwekwa ili kisionekane. "Fungua nyingine," akamwambia Povu. Ikafunguliwa. "Ya kreti ya chini." Ikafunguliwa. "Ya kule mwisho." Zote zilikuwa vile vile.

Wageni walikuwa waungwana. Waliuliza habari za mapipa, wakasifu usafi, wakasema watapiga simu. Mama wa hoteli alimpa fundi mkono na kumwambia maelezo yake yalikuwa mazuri sana, na alisema kwa huruma, kama anayempa pole mfiwa.

Gari lao lilipoondoka hakuna aliyekaa.

"Povu," Madamu akasema. "Wewe hukusikia?"

"Nilisikia."

"Mbona hukusema?"

"Fundi alishasema." Povu alianza kulia bila sauti, machozi yanaingia mdomoni. "Ni maji. Dawa ya maji ikikutana na kimea inatoka hivi, si tulifundishwa? Siku ya kupika nilimuuliza..." Akafuta uso kwa kiwiko. "Nilimuuliza sijui nani."

"Aliniuliza mimi," Pua akasema. "Nilimwambia hayana kitu."

Madamu akaingia ofisini. Akatoka na kikombe kilichofunikwa kwa kisahani, akamwekea mbele. "Fumba macho. Nusa, uniambie."

Angeweza kusema hapohapo. Maneno alikuwa nayo, jana aliyasema kwa mkewe. Lakini mwili wake ulikuwa umezoea. Macho yakafumba, kichwa kikainama, mkono ukapepea hewa kuelekea puani kwa mwendo ule wa taratibu. Ofisini kwa Madamu kila mara kuna kahawa.

"Kahawa," akasema.

Alipofumbua macho Madamu alikuwa ameshika kikombe kichwa chini. Hakikudondoka kitu. Kilikuwa kikavu, cheupe, hakijawahi kutumika tangu kioshwe. Breki alikuwa anatazama viatu vyake.

"Tangu lini?"

"Tangu ile homa."

"Na mimi muda wote huu nakupigia makofi." Hakufoka. Angefoka ingekuwa nafuu. Alikipanga kikombe juu ya kisahani, akakinyoosha mpini, akakinyoosha tena. "Ungeniambia tungenusa kwa zamu. Povu angenusa maji. Wewe una mikono bado, una kichwa. Ningekosa nini?" Akatazama kreti zilizopangwa mpaka darini. "Sasa tunamwaga stoo nzima. Nenda nyumbani, P..." Jina likamkwama. "Nenda nyumbani, baba. Wiki ijayo njoo tuone. Labda stoo. Labda kwenye chupa na huyu dada."

Povu akashtuka, kana kwamba adhabu ile amepewa yeye.

*

Alifika nyumbani jua liko kichwani, saa ambayo hajawahi kuwepo siku ya kazi. Hakuijua nyumba yake saa hiyo. Kasuku alikuwa shuleni. Cherehani ilikuwa inakwenda. Mkewe alimtazama mara moja, hakuuliza, akamsogezea kiti cha wateja kwa mguu. Safari hii vitambaa aliviondoa, akavikunja.

Alimweleza. Hakuacha kitu, hata kikombe. Alipofika kwenye kikombe, mkewe alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja, kisha akaliachia.

"Ulisema bandeji," fundi akasema.

"Nilisema."

"Ulisema tena na tena."

"Hata mtoto alisema." Hakukuwa na ushindi kwenye sauti yake. Alikuwa anashona upindo mrefu, pazia la mtu, na kitambaa kilikuwa kinashuka sakafuni kikijikunja chenyewe. "Nilidhani labda ndivyo bia ilivyo. Usiku nililala nikijiambia, yeye ndiye anayejua."

Muuza mkaa alipita nje akipiga kelele, akaenda zake. Fundi hakuwa na kazi ya mikono, basi akasimama, akaenda kwenye rafu ya kioo. Kile kichupa chenye kifuniko cha njano kilikuwa palepale, kimepungua mpaka katikati. Akakichukua, akakifungua. Akakileta puani kwa haraka, siyo kwa ule mwendo wa kiwandani. Hakuna kitu. Tone moja likamgusa kidole. Lilikuwa laini, la baridi kidogo.

"Haya mafuta ni ya lini?"

"Ya siku nyingi."

"Ndiyo uliyokuwa umepaka siku ile ya maharage? Uliponiuliza kama sioni kitu?"

Mguu ukasimama juu ya cherehani. "Siku ile na kabla ya siku ile."

Alirudi akakaa, karibu zaidi. "Yananukiaje?" akauliza. "Niambie. Sitaongeza neno langu. Ukisema mkaa, ni mkaa."

Mkewe alikipokea kichupa. Alikishika kwenye mwanga wa dirisha, akakigeuza, mafuta yakatembea ndani upande mmoja na mwingine. Alitaka kweli kumjibu, fundi aliliona hilo. Alinusa. Akanusa mkono wake mwenyewe, kwenye kifundo, juu ya vidole ambavyo sindano imeviachia alama ndogondogo za miaka. Midomo ikafunguka, ikafunga.

"Dukani nilinusa vingi mpaka nikachanganyikiwa," akasema hatimaye. "Na sasa nimeyazoea, siyasikii tena. Sijui yananukiaje." Akakifunga kifuniko, akakibana sana. "Niliyanunua ili uniambie wewe."

Akakirudisha mkononi mwa mumewe, akavuta pazia la watu, akaendelea kushona.